Jina Alilojichagulia Nduta

Mwili wa Daktari Naswa ulikutwa Jumatatu asubuhi, katika chumba cha kazi alichokodi Nyamasaria, Kisumu. Alipigwa kichwani kwa kufuli la mlango wake mwenyewe. Hakikuibwa kitu ila kinasa sauti. Inspekta Safia alisimama karibu na maiti akingoja huzuni ije. Haikuja. Siku hizi ilikuwa haiji, na hilo tu ndilo lililomsumbua.

Naswa alikuwa mtafiti wa mambo ya jamii. Aliwahoji watu waliokimbia Kisumu wakati wa vurugu za uchaguzi, kisha wakarudi kufanya biashara. Msaidizi wake, Gordon, ndiye peke yake aliyekuwa na ufunguo wa pili, basi akatiwa seli. Kesho yake angefikishwa kortini kwa mauaji.

"Madam, mimi nilikuwa nafungua mlango tu," alisema. "Story zenyewe sikuwa nasikia. Huko ndani kila mtu alikuwa anajichagulia jina ingine, ndio asijulikane. Hata mimi sijui nani alijiita nani."

Wa mwisho kuhojiwa na Naswa, Jumapili jioni, alikuwa Nduta, muuza mitumba wa Mamboleo. Alimjibu Safia huku akikunja mashati, bila chozi.

"Nilijiita Bilha. Sijaambia mtu. Nilisema vile Sam, bwana yangu, aliachwa nyuma ya lori tukikimbia."

"Aliachwa na nani?"

Nduta alikunja shati lingine. "Hiyo niliambia Daktari."

Mlango wa pili palikuwa na duka la nafaka la shemeji yake, Muriuki. Ndiye aliyemlea mtoto wa marehemu Sam, na Mamboleo nzima ilimsifu kwa hilo. Ndiye pia aliyempeleka Nduta Nyamasaria kwa pikipiki na kumrudisha.

"Afande, mnangoja nini?" Muriuki alisema. "Ni huyo Gordon. Alitaka kuuza hizo story. Sasa ona vile Bilha ataaibika bure."

"Nani?"

Muriuki aligeukia magunia yake.

"Jina hilo lilitajwa mbele ya kinasa tu," Safia alisema. "Njia ya mwongo fupi, Bwana Muriuki."

Muriuki alikitoa mwenyewe kinasa, ndani ya gunia la ndengu. Nduta alikuwa amesimama mlangoni.

"Mimi ndio niliendesha hiyo lori," Muriuki alimwambia. "Sam alikuwa anagonga nyuma. Sikusimama. Miaka yote nimekuambia alipotelea kwa umati. Jana niliogopa umemwambia Daktari juu ya Sam, nikarudi kumuomba afute. Akakataa, nikampiga. Nikasikiza mwanzo, nikajua unajua. Nikazima."

Safia alibonyeza kinasa kiendelee. Sauti ya Nduta ilitoka, kavu:

"Alisikia Sam akigonga. Lakini lori ilikuwa imejaa watoto, hata wangu. Angesimama, tungeisha wote. Nilimsamehe kitambo, Daktari. Naogopa tu kumwambia."

Muriuki aliketi juu ya gunia.

"Si ungeniuliza mimi, shemeji?" Nduta alisema. "Tunakaa mlango kwa mlango."

Safia alipiga simu kituoni wamtoe Gordon. Ilibidi arudie, maana mara ya kwanza sauti yake haikutoka.