Majivu Kwenye Gunia

"Ijumaa ulikuwa peke yako humu ndani! Nani mwingine?"

"Kuwa peke yangu ndo kosa? Basi nifungeni!"

"Utafungwa kweli. Saa sita polisi wanafika kutoka Lindi. Watu kumi na mmoja midomo imevimba, Jenipher, kwa unga uliousaga wewe!"

Bi Sauda, mwenye kiwanda, alikuwa anamnyooshea kidole msagaji wake. Jenipher, binti wa kisiwani Songo Songo, machozi yalishamkauka. Ilikuwa Jumapili, saa tano na nusu asubuhi, Mchinga. Kiwanda chenyewe banda tu: mikorosho mizee inakatwa vipande, inapikwa kwa mvuke kwenye tangi mpaka ilainike, inakaushwa, inasagwa unga wa nyuzinyuzi wa kuchanganya kwenye mikate. Mikate ya jana ndiyo iliyobabua watu.

Klementi, mchochea boila, alisimama mlangoni. Katoka milimani Kilwa, hapa hana ndugu, analala stoo. Shule aliiacha darasa la sita, macho hakuyaacha.

"Mti haubabui mdomo, Bi Sauda. Maganda ya korosho yanababua. Kuna mtu kayatia kwenye tangi."

"Maganda ni kuni za boila lako. Si wewe huyo?"

"Ijumaa saa saba, wengine wako msikitini, Jenipher yuko kwenye mashine hasikii kitu, mimi nilikuwa kisimani kuchota maji na pikipiki yako. Tangi nililiacha wazi, nimelijaza vipande. Niliporudi nikafunga mfuniko, sikuchungulia ndani."

Akazunguka nyuma ya tangi, akavuta gunia tupu, jeusi kwa mafuta ya maganda. Juu yake alama za vidole, nyeupe. Majivu.

"Jenipher, nionyeshe viganja."

Vilikuwa laini, havina hata lengelenge.

"Huyu kwao wanavua samaki. Angeshika maganda kwa mikono mitupu, saa hizi angekuwa anachunika. Aliyeshika hapa kajipaka majivu kwanza mafuta yasimbabue, kama wanavyofanya wabangua korosho. Kazaliwa shambani."

"Mchinga nzima imezaliwa shambani!" Bi Sauda akafoka.

Klementi akaliweka gunia chini. Alikumbuka chakula cha Ijumaa, saa nane. Alitembea taratibu hadi kwenye msumeno, alikokaa mzee Dadi, mkata miti. Kila mchana walikula sahani moja. Mwingine wa kula naye hakuwepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ijumaa ulisema umetoka msikitini."

"Ndiyo."

"Miaka miwili unanicheka, unasema kijiko ni cha wagonjwa. Ijumaa uliomba kijiko changu. Kwa nini?"

Dadi akatazama kucha zake.

"Majivu hayaingii chini ya kucha," alisema. "Mafuta yanaingia. Ningechovya vidole hivyo kwenye ugali wako?"

Bi Sauda alishafika nyuma yao. "Mzee Dadi! Nimekukosea nini?"

"Kesho mnakata mstari wa mwisho. Ile mikorosho kaipanda Mwanasha, marehemu mke wangu, mwaka tuliooana. Shemeji zangu wamekuuzia, mimi hawakuniuliza. Msumeno nikapewa mimi. Nikasema unga ukiharibika, mtafunga kiwanda. Nilidhani watu watatema tu. Wallahi sikutaka waumie."

"Na Jenipher?" Klementi aliuliza. "Ungemwacha aende jela?"

Mzee akainuka, akapangusa vumbi la mbao.

"Ungenambia mimi," Klementi alisema. "Tulikuwa tunakula pamoja."

"Ungefanya nini wewe?"

Pikipiki za polisi zilisikika barabarani. Dadi akatoa kile kijiko mfukoni, akakifuta kwa shati, akakiweka juu ya gogo mbele ya Klementi. Kisha akageuka, akaelekea getini kwa polisi, peke yake.