Kola ya Chaki

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne, Gunilla, mtunza ndege waliokaushwa wa makumbusho, alimpangusa kunguru mdogo wa droo ya kumi na nne. Weupe wa shingo ukahamia kidoleni mwake. Ulikuwa chaki.

Inspekta Sixten Wallmark, mtu asiyevumilia fomu yenye nafasi tupu, alifika saa nne.

"Mama, kunguru si kunguru tu?"

"Huyu ni wa hapa hapa Uppsala, Inspekta. Aliyeibwa ni wa mashariki, mwenye kola nyeupe. Hata mabingwa huwachanganya, maana wapo waliochanganyika, wenye weupe hafifu."

"Funguo anazo nani?"

"Mimi, Mirja msafishaji, na Mzee Evald, mstaafu anayekuja Jumatatu kuwashona ndege waliochakaa. Mkurugenzi anamshuku Mirja. Jioni anamfukuza."

Mirja aliingia na ndoo yake. "Mimi natoa vumbi, baba. Mizoga ya nini kwangu?"

"Ungeambiwa umpake ndege kola, ungepakaje?"

Mirja alizungusha kidole shingoni pake, mzunguko mzima. "Si ndiyo kola?"

Sixten aliinamisha taa. Chaki ilikuwa ubavuni mwa shingo tu, kama mwezi mwandamo kila upande. Koo na kisogo havikuguswa.

"Ndivyo walivyo hasa wale wa mashariki," Gunilla alisema polepole. "Jina tu ndilo linalodanganya."

Gunilla naye aliijua kola hiyo, lakini angetaka kuficha wizi, angenyamaza. Saa sita Mzee Evald aliitwa.

"Mzee, wewe ungepakaje?"

Evald alivua miwani. "Pande mbili. Hata katika wizi, mkono wangu ulikataa kukosea."

"Kwa nini?"

"Mke wangu, Signe, alimlea ndege yule jikoni kwetu, bawa limevunjika, mpaka ndege alipokufa akaletwa hapa. Sasa Signe yuko hospitali. Aliomba amguse tena."

"Fomu ya kuazima ipo, Evald!" Gunilla alipaza sauti.

"Huchukua wiki tatu. Signe hana wiki tatu."

"Na Mirja?" Sauti ya Sixten ilikuwa kavu. "Angelala leo hana kazi, kwa kosa lako."

Mzee aliinuka, akaenda hadi kwa mkurugenzi, akakiri, kisha akamwomba Mirja radhi.

"Si ungeniambia, mzee wangu? Ningekufungulia mwenyewe!"

"Hilo sikulisikia," alisema Sixten.

Gunilla alijaza fomu ya kuazima kwa tarehe ya siku ile, wala hakuirudisha nyuma. Sixten aliipeleka hospitali kutiwa sahihi. Signe alikuwa amelala, kidole gumba juu ya shingo ya kunguru, manyoya meupe yamelainika kwa kupapaswa.

Evald, kando ya kitanda, alitia sahihi. Nafasi ya tarehe ya kurudisha ilikuwa tupu. Sixten aliitazama kitambo, akafunika kalamu yake.