Makasha Sita Yasiyofunguliwa

Ilikuwa Jumanne, saa kumi alasiri. Mvua ya rasharasha ilikuwa imekatika, na mabati ya karakana yalikuwa bado yanadondosha maji. Mama Vioo alikuwa anakata kioo cha dirisha. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Aliweka rula, akavuta kikatio mara moja tu, akagonga kwa chini. Kioo kikaachana vipande viwili bila kelele.

Binti yake alikuwa anasoma kwenye ncha ya meza. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na mtihani wa vitendo wa kemia ulikuwa umebakiza wiki tatu. Katika mtihani huo mwanafunzi hupewa vifaa na kemikali, akapima mwenyewe. Binti alitaka kusomea utengenezaji wa dawa. Bila kemia, mlango huo ungefungwa.

Mama alichungulia daftari. Aliona mchoro safi wa mrija mrefu wenye alama za vipimo na koki ndogo chini.

"Hiki ni nini?"

"Bureti, mama. Inapima kimiminika tone kwa tone."

"Inashikwaje?"

"Sijui. Huwa tunaichora tu."

Mama alishangaa. Mwaka juzi serikali ilileta makasha sita ya vifaa vya sayansi shuleni, na wazazi walipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Binti akaeleza kwamba makasha yamo stoo, na kamba zake hazijafunguliwa. Mwalimu Mkuu huvaa ufunguo shingoni. Husema kwamba hiyo ni mali ya serikali, na kikivunjika hata kifaa kimoja atakayejibu ni yeye. Wanafunzi hutania kwamba hata akioga hauvui.

Mama Vioo hakucheka. Alitazama makovu ya vidole vyake, akaweka kikatio chini, akaenda kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa mtunza maabara katika shule nyingine. Alimsikiliza huku akifua koti lake jeupe, kisha akatikisa kichwa.

"Vifaa vya maabara vinavunjika, jirani. Serikali inajua. Ndiyo maana kuna daftari la vilivyovunjika. Unaandika tarehe, kifaa na sababu. Mwisho wa mwaka orodha inapelekwa ofisi ya elimu, na vingine vinaletwa."

"Na shule isiyovunja kitu?"

"Hiyo inaonekana haina haja. Haiongezewi."

Akaongeza kwamba maelekezo yote huwa kwenye karatasi iliyowekwa ndani ya kasha la kwanza.

"Ndani ya kasha?"

"Ndani ya kasha."

Wakatazamana.

Alhamisi kulikuwa na kikao cha wazazi. Ajenda ilikuwa uzio wa shule. Mama Vioo alisimama kabla mjadala wa uzio haujafika nusu. Mwenyekiti akamtaka asubiri mengineyo.

"Wiki tatu si mengineyo, Mwenyekiti."

Akaeleza habari ya makasha, na ya karatasi aliyoambiwa imo ndani ya kasha la kwanza. Baba mmoja, fundi seremala, akasema kwa sauti kwamba Mama Vioo anataka vivunjike ili apate kazi. Ukumbi ukacheka. Yeye akangoja kicheko kiishe.

"Kioo cha chumbani kwako nilikikata mimi, baba. Kabla sijajua kukata, nilivunja vioo vya baba yangu mpaka akachoka kuhesabu. Asingeniruhusu kuvunja, leo ungekuwa unalala na upepo."

Mwalimu Mkuu aliinuka taratibu. Alisema kwamba katika shule yake ya kwanza ilivunjika hadubini moja. Alipewa barua ya onyo na kuhamishwa mbali na wanawe. Hakutaka yamkute tena. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Pole, Mwalimu," alisema Mama Vioo. "Lakini barua ile uliandikiwa wewe. Mbona adhabu wanaitumikia watoto? Tufungue kasha la kwanza, sasa hivi, mbele ya wote. Karatasi ya maelekezo isipokuwamo, nitakaa chini na hutanisikia tena."

Hakuwa ameiona karatasi hiyo. Alikuwa na neno la jirani tu. Hata hivyo hakukaa.

Walikwenda stoo wote. Seremala alikata kamba. Chini ya kifuniko palikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake karatasi moja na daftari jipya. Mwalimu Mkuu alisoma kwa sauti: "Vifaa hivi ni vya kutumiwa na wanafunzi. Kitakachovunjika katika masomo kiandikwe katika daftari hili, na kingine kitaletwa. Mwalimu hatawajibishwa kwa kifaa kilichovunjika kikitumika."

Akaisoma mara ya pili, kimyakimya. Kisha akavua ufunguo shingoni.

Ijumaa Mama Vioo alikuwa maabara, akibadilisha kioo cha dirisha kilichopasuka. Jirani, aliyeomba ruhusa shuleni kwake, alikuwa anamsaidia mwalimu wa kemia. Nusu saa haikupita, ikasikika *ta*. Binti alikuwa amekaza mno kibanio, na bureti ilikuwa imepasuka. Darasa zima liligeuka kumtazama Mwalimu Mkuu mlangoni.

Mama aliacha dirisha, akapiga hatua moja. Binti akamtangulia.

"Nimeivunja mimi," binti alisema, kidevu juu. "Nilikaza kupita kiasi. Naomba daftari."

Mwalimu Mkuu alimletea yeye mwenyewe, pamoja na kalamu. Alisoma alichoandika binti, akatia saini.

"Zoa vipande kwa brashi, si kwa mkono," alisema. "Halafu chukua nyingine."

Yaliyofuata ni haya. Binti alivunja pia bika mbili za kioo, akafaulu mtihani wa vitendo, na sasa anasomea utengenezaji wa dawa. Jirani alikuja kila Jumamosi hadi mtihani ulipopita. Seremala alitengeneza rafu za maabara, na hakuzungumzia tena utani wake. Mwalimu Mkuu alipeleka ofisi ya elimu orodha ya vifaa kumi na vinne vilivyovunjika, akaletewa makasha mawili, akayafungua siku hiyohiyo. Ufunguo wa stoo unaning'inia kwenye msumari katika ofisi ya walimu. Na Mama Vioo, Ijumaa ileile, alimaliza dirisha, akarudi karakanani, akakata kioo kilichofuata.