Nepi Iliyopigiwa Vigelegele

Asubuhi hiyo Chiriku alikuwa na kazi moja tu: kufua nepi za mdogo wake, aliyezaliwa juzi. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya mdomo wake, ambao haukujua likizo.

"Mwanangu, mtoto amepata choo?" mama aliuliza kutoka kitandani. Muuguzi alikuwa amewaagiza wakiangalie choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata kama lami.

"Amepata, mama! Nimesugua mpaka mikono inauma!"

"Nani kama mwanangu!" mama akamsifu.

Uongo mtupu! Tangu mtoto azaliwe, nepi zilikuwa na mkojo tu. Chiriku alizisuuza upesi, akazianika, akakimbilia kuruka kamba. Alijiona amebahatika kupata mdogo mstaarabu namna ile.

Mchana mtoto alikataa kunyonya. Akatapika matapishi ya kijani, na tumbo likamvimba, likawa gumu.

"Ni gesi tu," alisema shangazi, dada yake baba. "Si amepata choo?"

"Amepata," mama akajibu.

"Basi tumwangalie mpaka kesho."

Chiriku alimtazama mdogo wake akigumia kwa maumivu, moyo ukampasuka. "Mama, nilidanganya," alilia. "Hajapata choo hata mara moja!"

Shangazi hakupoteza muda kugomba. Alimbeba mtoto, akasema, "Vaeni viatu, twende hospitali!"

Daktari alimpapasa mtoto tumbo, akampiga picha. "Utumbo umeziba, na sasa umetoboka," alisema. "Tunampasua leo hii. Mngesubiri mpaka kesho, tungempoteza."

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya tano, mama alifungua nepi akapiga kelele: "Amepata choo!"

Weee! Wodi nzima ililipuka kwa vigelegele. Shangazi alicheza mpaka kilemba kikamdondoka. Hakuna nepi chafu iliyowahi kushangiliwa vile!

"Nipeni mimi nifue!" Chiriku aliruka.

Daktari, aliyekuwa amesimuliwa yote, alicheka, kisha akamshika bega. "Mtoto mchanga hawezi kusema, binti. Nepi yake ndiyo inayomsemea, na wewe ulimgeuzia maneno. Lakini ulikubali aibu ukasema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyomfikisha kwangu akiwa hai. Usiiache tena."

"Siiachi, daktari."

Chiriku aliichukua nepi, akaenda bombani, akasugua huku akiimba. Safari hii mikono ilimuuma kweli.