Maji ya Bwawa la Tatu

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, mke wa mtunza mabwawa aliona kofia ya mumewe ikielea kwenye bwawa la kwanza, kule majitaka ya kijiji yanakoingilia. Mwenyewe alikuwa chini yake.

Sajenti alipofika alikuta uzio wa upande wa bustani za mboga umekatwa, na watu wameshampata mtuhumiwa wao: mkulima aliyemzika wiki iliyopita bintiye aliyekufa kwa kuhara. Juzi tu alipiga kelele getini kwamba atamzamisha mtunza humo humo kwenye uchafu wake.

Sajenti alimkuta zahanati, ameshika mkono wa mwanawe wa pili aliyetundikiwa dripu.

"Ulisema utamzamisha."

"Nilisema. Uchungu ulinizidi, afande. Lakini tangu saa moja asubuhi sijatoka hapa."

"Hata chai hajanywa," muuguzi alisema.

Chumba cha pili, daktari alikuwa amemaliza kumkagua marehemu. "Kapigwa kisogoni, lakini aliingia majini akiwa hai. Tazama alichovuta." Pamba aliyoitoa kooni ilikuwa na ute wa kijani kibichi.

"Bwawa la kwanza ni jeusi kama lami," Sajenti alisema.

"Ndiyo maana nakuonyesha."

Kijani kile kilipatikana bwawa la tatu tu, la mwisho, ambako maji hukaa juani kabla ya kuachiwa kijitoni. Lilikuwa na uzio wake na kufuli. Kutoka mlango wake hadi bwawa la kwanza, tairi moja jembamba lilikuwa limechora mstari kwenye udongo. Funguo za kufuli zilikuwa mbili: mmoja ulikutwa mfukoni mwa marehemu, wa pili alikuwa nao mpima maji.

Mpima maji alikuwa ofisini, macho mekundu. "Tumefanya kazi pamoja miaka minane," alisema.

"Leo ulifika bwawa la tatu?"

"Hapana. Nipo hapa tangu saa mbili. Ufunguo wangu sijaugusa wiki nzima."

Sajenti alifungua daftari la vipimo. "Hapa umeandika: leo, saa nne asubuhi, bwawa la tatu, maji salama. Ama ulikwenda, ama hukupima. Chagua."

"Pengine... pengine nimechanganya tarehe."

Sajenti alifunua ukurasa. "Na kesho? Kesho nayo umeshapima?"

Vipimo vya kesho vilikuwepo. Vya keshokutwa pia, wino uleule, saini ileile.

Mpima maji aliketi taratibu. "Mashine iliharibika mwaka jana. Nikaambiwa nisubiri nyingine. Nikabuni majibu ya siku moja, kisha ya wiki, kisha nikazoea." Alijifuta uso. "Yule mtoto alipokufa, mwenzangu alipeleka maji mjini yeye mwenyewe, yakapimwe. Leo saa nne aliniita bwawani akanisomea majibu. Akasema anakwenda kwa mkulima kumwambia ukweli, kabla hajazika mwingine. Nilimsihi. Akanipa mgongo. Koleo lilikuwa pale. Akaangukia majini."

"Ukamtoa, ukampakia kwenye toroli, ukakata uzio, ili baba aliyefiwa akubebee lawama."

"Nilijua hakuna atakayeuliza zaidi."

Sajenti alimtia pingu. Nje, maji yaliendelea kumiminika kutoka bwawa la tatu kwenda kijitoni, kule bustani zinakonyweshwa na watoto wanakooga.

"Yanafungwaje?"

Mpima maji alitazama chini. "Sijui. Ilikuwa kazi yake."

Mjane, aliyekuwa mlangoni muda wote na hakuna aliyemwambia aondoke, aliwapita bila kumtazama muuaji. Alishuka hadi kwenye gurudumu la chuma la valvu, akalishika kwa mikono miwili.

"Nilikuwa namletea chakula, namwona akifunga," alimwambia Sajenti. "Huzungusha hivi, mara kumi na tisa."

Alianza kuhesabu kwa sauti. Kwenye kumi na mbili sauti ilimkatika, Sajenti akashika upande wa pili, wakasukuma pamoja. Maji yakapungua, yakawa uzi, yakakoma.