Mashine ya Viatu ya Muthangari

Corolla nyeupe ilikuwa nyuma yake tena.

Wangeci hakugeuka. Aliitazama kwenye kioo cha duka la simu pale Moi Avenue, kama mwanamke anayechagua Nokia. Wanaume wawili mbele, mmoja nyuma. Yule wa nyuma alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama kitu mapajani.

Asubuhi hiyo alikuwa ameshawapoteza mara mbili. Mara ya kwanza aliacha gari lake Westlands na kupanda teksi. Mara ya pili aliingia City Market, akapita katikati ya wauza samaki, akavua koti, akafunga kitambaa kichwani na kutokea mlango wa pili. Hata mkoba alibadilisha. Na bado, dakika kumi baadaye, hao hapo! Hawakimbii wala hawatoki jasho. Mtu anayekufuata bila haraka ni mtu anayejua utatokea wapi.

Basi kuna mtu anawaambia.

Redio ndogo ya Motorola ilikwaruza kiunoni.

"Saba, hapa Nane. Uko wapi saa hii?"

Ilikuwa sauti ya Ajwang, mwenzake wa miaka minne katika kazi ya kulinda mashahidi.

"Kwa nini unauliza?"

"Eh! Si unaleta chakula ya mgeni? Ama nimpikie mawe?"

"Mgeni yuko aje?"

"Ako poa. Anaomba tu. Zaburi amezimaliza zote, sasa anarudia."

Wangeci alizima redio bila kuaga.

Mgeni ni Mwololo, karani wa kampuni ya kutoa mizigo forodhani, baba wa watoto watatu. Mwezi wa pili mwaka huo, 2006, alifungua kasha lililoandikwa vipuri vya trekta, akakuta bunduki. Kesho Alhamisi, saa tatu asubuhi, angesimama mahakamani kuwataja wenye mzigo huo. Bila yeye hakuna kesi. Na wenyewe walikuwa wameamua asifike.

Alifichwa South B. Mlango ulivunjwa dakika ishirini baada ya kuhamishwa. Akafichwa Rongai, na huko risasi tatu zilipita kwenye godoro alilokuwa ameliacha tu kwenda msalani. Tangu jana alikuwa Kinoo, kwenye ghorofa la kukodisha lenye vyumba thelathini. Waliojua ni watu watatu tu, Wangeci, Ajwang na mkubwa wao, Mzee Mbuthia.

Mzee Mbuthia? Miaka thelathini kazini. Angetaka Mwololo afe, angesaini barua moja tu ya kumwondolea ulinzi, akaenda zake kunywa chai. Yeye mwenyewe Wangeci alijijua. Basi amebaki nani?

Tena kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni kama mfupa wa samaki. Kila siku yeye hufuatwa. Ajwang hajawahi kufuatwa hata siku moja.

Alipiga simu.

"Mzee, anayewaambia ni Ajwang."

Upande wa pili kikombe kiliwekwa mezani.

"Una hakika?"

"Mimi nafuatwa kila siku, Mzee. Yeye hafuatwi. Kwa nini?"

Mbuthia alivuta pumzi. "Nitamtoa Ajwang Kinoo sasa hivi. Silaha yake pia. Mlinzi mwingine atafika saa kumi. Wewe njoo nyumbani uandike hayo maneno kwa mkono wako."

"Na Mwololo?"

"Atafungiwa kwa kufuli. Ni masaa mawili matatu tu."

Wangeci alikata simu. Moyo ulimuuma. Mtu aliyewahi kukubeba mgongoni ukiwa na risasi pajani humshtaki hivi hivi ukafurahi. Lakini kazi ni kazi.

*

Saa nane mchana. Muthangari, nyumba yenye geti jeusi na ua wa miba wa kei-epo.

Mzee Mbuthia hakuziamini kuta za ofisi, kwa hiyo mikutano yote mizito ilifanyika sebuleni kwake. Mke wake, Mama Hannah, naye hakuamini viatu vya mtu. Ulikuwa mwezi wa nne, mvua inanyesha kama imetumwa, na zulia lake lilikuwa na rangi ya maziwa. Hapo hata balozi angevua mlangoni.

Kisha viatu viliingia kwenye mashine.

Ilikaa barazani, kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa friji ndogo ya soda. Unaweka viatu na kubonyeza. Brashi zinazunguka kutoa matope, hewa ya moto inakausha, taa ya zambarau inaua wadudu na harufu. Ukimaliza chai yako, buti zinatoka zina joto kama chapati. Ilikuwa zawadi ya Jeremy, mfanyabiashara wa vyombo vya nyumbani huko Westlands, mcha Mungu wa kiti cha mbele, ambaye kila Jumapili alikula chakula cha mchana hapo. Na kila wiki Jeremy alileta pakiti ya soli za ndani zenye marashi. Nzembi, mama wa kazi, alizipanga kwenye viatu vya kila mgeni, jozi mpya kila mara.

Leo Nzembi alizipokea buti za Wangeci, lakini hakuondoka. Alisimama akizisokota kamba.

"Madam, ati wewe ni polisi?"

"Mimi ni karani tu."

"Haya, karani. Basi nisaidie. Kuna gari inanifuata."

Wangeci alitabasamu. "Gari gani tena, Nzembi?"

"Nyeupe, ya wanaume watatu. Jumapili imenifuata mpaka kanisa, Kangemi. Jana nimeenda kununua sukuma wiki, hiyo hapo! Aiya! Mimi niko na nini ya kuibiwa? Ndoo?"

Tabasamu lilimtoka.

Nani anamfuata mama wa kazi? Hana siri, hana funguo, hana bunduki. Ana nini ambacho na mimi ninacho?

"Jumapili ulivaa viatu gani?"

"Si hizi."

"Vua."

Ndani ya viatu vya Nzembi, vya plastiki, vilivyokwisha kisigino, kulikuwa na soli za ndani mpya zinazonukia waridi. Nzembi alitupa jicho mlangoni.

"Usiambie Mama! Sijaiba, haki ya Mungu. Ni za huyo Ajwang. Miguu yake ni namba kumi na mbili, viatu haviingii kwa mashine, na yeye ati hataki marashi ya wanawake. Nikaona zitatupwa bure. Nikazikata na makasi zinitoshe."

Wangeci alichukua kisu cha jikoni na kuichana soli. Chini ya sponji kulikuwa na kitu bapa, cha mviringo kama sarafu ya shilingi tano, na waya mwembamba kama unywele. Aliichana na ya buti zake. Kitu kile kile, cha kumwambia mtu wa mbali uko wapi.

Alikaa sakafuni.

Gari alibadilisha. Koti alibadilisha. Mkoba pia. Buti hakubadilisha, kwa sababu nani hubadilisha buti zilizosafishwa asubuhi hiyo hiyo, hapa hapa barazani?

Ajwang hakuwa msaliti. Ajwang alikuwa na miguu mikubwa.

Na jana, akiwa na buti hizo hizo, yeye Wangeci ndiye aliyempeleka Mwololo Kinoo. Alikimbilia getini na kuchungulia. Barabara ilikuwa tupu. Walimfuata tangu asubuhi, sasa hawapo. Maana yake wako Kinoo wanahesabu milango, na Mwololo yuko peke yake nyuma ya kufuli, kwa sababu ya mdomo wake Wangeci.

Alipiga namba ya Ajwang. Ililia mara sita.

"Sema."

"Ajwang, uko wapi?"

"Uthiru, kwangu. Si mmenifukuza?"

"Kimbia Kinoo umtoe Mwololo. Wako hapo, ama wako karibu. Uthiru ni dakika kumi tu. Hakuna mwingine."

"Bila bunduki."

"Bila bunduki."

Ulisikika mlango ukifungwa kwa nguvu. Kisha Ajwang akauliza polepole, "Na kama ni mimi msaliti?"

"Basi nimekwisha mimi."

Simu ilikatika.

Mzee Mbuthia alikuwa amesimama mlangoni na soksi zake, kikombe mkononi. Alikiangalia kile kitu cha mviringo. Uso ulimgeuka rangi ya majivu.

"Jeremy," alisema. "Jumapili nilimpa paja la kuku kwa mkono wangu!"

"Mzee, utalia baadaye. Nahitaji nyumba tupu karibu na Kinoo, na watu sita. Wameona jengo lakini mlango hawaujui. Buti zangu zikisogea, watazifuata."

"Kuna ploti ya shemeji yangu, chini ya barabara. Wapangaji hawajaingia."

Wangeci alizirudisha soli ndani ya buti, akazivaa na kuzifunga kamba. Alichukua pia jozi moja ya viatu vikubwa vya Mzee na kutia ndani soli za Nzembi.

*

Saa kumi kasorobo. Mvua.

Kinoo kuna udongo mwekundu unaong'ang'ania mtu kama deni. Hakuna anayeingia nyumbani na viatu. Viatu vikiwa mlangoni, mwenyewe yuko ndani. Hata mtoto anajua hilo.

Kwenye mlango wa tatu wa ploti ile ziliwekwa buti za Wangeci, kando yake viatu vikubwa vya mwanamume. Dirishani, redio ya Sanyo iliimba nyimbo za injili. Wangeci alisimama nyuma ya tangi la maji, miguu mitupu, bastola ya Ceska mkononi, tope hadi vifundoni.

Corolla iliingia taratibu.

Wawili walishuka na makoti ya mvua. Mmoja alizionyesha buti kwa kidole. Mwenzake alicheka. Walitoa bastola zenye viziba sauti.

Teke moja. Mlango ukaanguka.

"Lala chini! Lala chini!"

Risasi moja, kwenye dari. Kisha kishindo cha watu sita juu ya wawili. Sekunde kumi, na yakaisha.

Wangeci aligonga dirisha la nyuma la Corolla kwa mdomo wa bastola. Ndani, Jeremy alikuwa na kompyuta ya Toshiba mapajani, na kwenye kioo chake doti mbili nyekundu.

"Dada Wangeci! Bwana asifiwe. Mimi nilikuwa napita tu..."

"Amina. Funga kompyuta."

"Kuna makosa hapa, dada yangu."

"Shuka. Vua viatu kwanza, usije ukafikiria kukimbia."

Alishuka na soksi zake nyeupe kwenye lile tope.

Wangeci hakungoja kumtazama. Alikimbia mita mia tatu hadi kwenye lile ghorofa, akapanda ngazi. Kufuli lilikuwa limekatwa. Chumba kilikuwa tupu, na Biblia iko wazi kitandani.

Alipiga simu ya Ajwang.

"Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa."

Alipiga tena. Akapiga mara ishirini. Mzee Mbuthia alipofika alisimama katikati ya chumba akihema.

"Asubuhi uliniambia huyu ni msaliti. Mchana ukampa shahidi. Nikuelewe aje, Wangeci?"

Wangeci aliifunga Biblia. Vipi kama doti zilikuwa za Jeremy, na Ajwang naye alikuwa na watu wake waliomnunua? Usiku ule hakulala hata dakika moja. Alikuwa anaogopa, na aliona aibu kwamba bado anashuku.

*

Alhamisi, mahakamani, mjini. Saa tatu kasoro dakika tano.

Wakili wa washtakiwa alikuwa anatabasamu. Mke wa Mwololo alikuwa amekaa benchi la mbele na leso mdomoni. Wangeci alisimama kwenye korido, anazitazama nyuso.

Saa tatu kasoro mbili.

Kwenye foleni ya watu wa kawaida, kati ya bibi mwenye kesi ya shamba na makanga wawili wa matatu waliokuja kulipa faini, alitokea mwanamume mrefu akiwa amemshika mwenzake mkono. Mwololo alikuwa amevaa koti la Ajwang, mikono yake imemezwa. Alikuwa hai. Alimpita Wangeci akisema "Asante, dada," akaingia. Ndani, mke wake alipiga ukelele mmoja mfupi, na karani wa mahakama akamnyamazisha.

Wangeci alifumba macho. Alipoyafungua, Ajwang alikuwa mbele yake.

"Ulizima simu," Wangeci alisema.

"Nilizima."

"Nilidhani umemuua!"

"Na mimi nilidhani ni wewe umewaleta." Ajwang hakupandisha sauti. "South B, wewe ulienda, wakaja. Rongai, wewe ulienda, wakaja. Miezi miwili nakushuku, madam. Lakini sikwenda kwa Mzee."

Mlangoni palisikika sauti ya Mwololo, nzito na bila kutetemeka, akiapa kwa jina lake kamili.

"Nisamehe, Ajwang."

"Nitafikiria."

"Mlilala wapi?"

Ajwang aliegemea ukuta, akakunja mikono.

"Hiyo sikuambii."

Wangeci alimtazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Alivaa miwani ya jua, akafunga kifungo cha koti na kushuka ngazi kuelekea barabarani.