Mkono wa Fundi na Swali la Muuguzi

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaofuga mbwa, kaeni kidogo niwasimulie yaliyotupata. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Wanafunzi wangu ni watoto wa miaka mitano, na hata hivyo siku wazazi wao wakija darasani koo hunikauka. Lakini haya nikiyanyamazia nitakuwa nimekosa mara ya pili.

Ilikuwa Jumapili alasiri. Ninaishi kwa dada yangu, na mume wake alikuwa fundi viatu. Mtaa mzima walimwita Fundi, hata dada alimwita hivyo. Alikuwa ameketi kibarazani, amebana kiatu cha shule kati ya magoti, anapitisha shazia, ile sindano nene ya kushonea, kwenye soli. Dada alikuwa akimsuka binti yao wa miaka saba, ambaye tulimpachika jina la Kengele kwa sababu akiitika, nyumba ya tatu wanasikia. Askari, mbwa wetu, alilala juu ya vipande vya ngozi.

"Mama, unanivuta."

"Tulia basi. Kichwa kinahangaika kama kina safari."

Mara Askari akainuka na kuanza kukohoa kama aliyekwamwa na kitu. Taya lilimlegea, mate yakamtoka kwa nyuzi ndefu. Akaenda kwenye bakuli la maji, akatia pua, akaondoka bila kunywa. Akarudi. Akaondoka tena.

"Huyu kameza mfupa," Fundi akasema. "Njoo hapa, bwana mkubwa."

Akaweka kiatu chini, akampanua mbwa mdomo kwa mkono wa kushoto, akaingiza wa kulia mpaka kifundoni. Mikono ya fundi viatu mnaijua. Ule wake ulikuwa na mikato ya kisu na matundu ya shazia, mengine ya asubuhi ile ile. Akapapasa koo la mbwa, asikute kitu. Akautoa unachuruzika mate, akaufuta kwenye aproni, akashika kiatu chake.

"Umeshuka wenyewe. Nimeusikia."

"Daktari wa mbwa na viatu," dada akasema, tukacheka.

Hapa niwaambie jambo. Miezi minne kabla ya hapo gari la matangazo lilipita mtaani: mbwa wote wapelekwe uwanja wa shule Jumamosi, wachanjwe kichaa, bure. Fundi alikuwa na rundo la viatu vya watoto, shule zinakaribia kufunguliwa. "Askari hatoki nje ya uzio," alisema. "Atakipata wapi kichaa? Mwenye kichaa nitakuwa mimi, nimvute kamba mji mzima nikapange foleni naye." Mimi Jumamosi ile sikuwa na kazi yoyote. Ningempeleka. Niliona haya tu, watu wanitazame nikiburutwa na mbwa njiani. Na uzio wenyewe, tulikuja kugundua baadaye, ulikuwa na tundu nyuma ya choo.

Jumanne asubuhi Kengele alipokuwa anavaa begi lake la shule, Askari alimrukia bila kubweka na kumuuma mguuni, chini ya goti. Halafu akapita kwenye tundu lile, akatokomea. Mchana walimkuta mferejini amekufa.

Chuoni tulifundishwa huduma ya kwanza, kwa hiyo nilimbeba Kengele mpaka bombani. Nilimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, yeye akilia na dada akinihimiza twende. Tulifika hospitali tumelowa. Muuguzi alikuwa mama mmoja mwenye haraka, foleni imemfika mlangoni.

"Mbwa amechanjwa?"

"Hajachanjwa," dada akajibu.

"Basi hatungoji kitu. Anaanza leo, na tarehe nitakazokuandikia usiruke hata moja." Alipomaliza kumdunga Kengele sindano akauliza, "Nyumbani kuna mwingine ameumwa?"

"Hapana, sote wazima."

"Sisemi ugonjwa, mama. Ameumwa na mbwa."

"Ah. Hapana. Ni huyu tu."

Mkono wa Fundi ulinijia machoni, umelowa mate. Lakini yeye hakuumwa. Jino halikumgusa. Swali lilikuwa la walioumwa, na jibu la dada lilikuwa la kweli. Nilifungua mdomo. Muuguzi akaniinulia macho.

"Wewe, ulitaka kusema?"

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa nauliza choo kiko wapi."

Akanionyesha. Nikaenda, nikasimama humo bila haja yoyote, nikarudi. Alikuwa ameshaita mwingine.

Alasiri ile nilimfuata Fundi kibarazani. Nilizungukazunguka kwanza, nikaokota vipande vya ngozi visivyohitaji kuokotwa.

"Shemeji, ule mkono wako."

"Umefanya nini?"

"Ulimtia mbwa mdomoni. Labda na wewe ungeenda, wakudunge."

"Nikawaambie nini? Nimeumwa na nani? Shemeji mwalimu, watu wanapeleka majeraha, mimi nipeleke mate? Watanicheka mpaka nje ya geti." Kisha, aliponiona nimeinamisha uso, akalainika. "Haya, nikimaliza hivi viatu nitakwenda."

Viatu vya fundi haviishi. Vikiondoka hivi, vinaletwa vingine.

Nilitaka kumwambia dada amhimize aende. Nilimkuta akibandika karatasi ya tarehe za Kengele nyuma ya mlango, ana uchovu usoni, nikajiambia nitasema kesho. Wiki zilizofuata sikupata utulivu. Nilikuwa nafundisha herufi huku nikiuwaza mkono ule. Fundi akishika kijiko, namtazama. Akijikuna, namtazama. Na kila siku iliyopita akiwa mzima ilizidi kunifanya nione haya kulianzisha tena jambo lile, ilhali siku yoyote kati ya zile ingetosha kumpeleka.

Wiki ya sita akaanza kulalamika. "Mkono unaniwasha. Gundi hii mpya haifai." Kesho yake shazia ilimponyoka vidoleni. Kesho kutwa, mchana, dada alimpa kikombe cha maji. Alikiinua, koo likambana kabla maji hayajamfika mdomoni, kikombe kikaanguka.

"Sijui nina nini," akasema, anapumua kwa shida. "Nina kiu, lakini maji nikiyaona tu nashtuka."

Kengele akamtazama. "Baba, kama Askari."

Hakuna aliyemkemea.

Hospitalini daktari alimtazama muda mrefu, akamwomba dada wasogee kando. Mimi niliwafuata.

"Mzee aliumwa na mbwa?"

"Hapana, daktari. Aliyeumwa ni mtoto, na sindano zake amemaliza."

"Hakuumwa," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Aliingiza mkono mdomoni mwa mbwa kutafuta mfupa. Ulikuwa na vidonda. Niliona."

Daktari akashusha kalamu. "Lini?"

"Wiki sita sasa."

"Na siku mlipomleta mtoto, hamkusema?"

Dada akanigeukia. "Wewe ulijua kuwa mate tu yanatosha?"

"Nilijua."

Alinitazama kama anayetafuta uso wa mtu anayemfahamu. Fundi alifariki siku ya tatu, saa sita mchana, dada amemshika mkono wa kushoto. Kengele ni mzima na anakwenda shule. Dada hajanifukuza. Tunapika pamoja, tunafua pamoja, na tukimaliza yeye huenda chumbani kwake na mimi kwangu.

FUNZO

Wapendwa, kichaa cha mbwa kimo katika mate, na mate hayangoji jino. Yakigusa kidonda, mchubuko, jicho au mdomo, ni sawa na kuumwa. Mbwa anayeshindwa kumeza na kuchuruzika mate usimtie mkono mdomoni hata kama umemlea mwenyewe. Mfunge mbali kama unaweza bila kumgusa, kisha mwite bwana mifugo. Akikuuma au akikulowesha kwa mate, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa, nenda hospitali siku ile ile, na sindano zote uzimalize. Siku zikiwa zimepita na bado hujisikii kitu, nenda tu. Dalili zikishaanza, hakuna dawa ya kumrudisha mtu. Na gari la matangazo likipita, mpeleke mbwa wako akachanjwe, awe wa ndani au wa nje.

Ninyi wenye haya kama mimi, nawaomba zaidi. Muuguzi huuliza anachokijua. Ulichokiona wewe hawezi kukiuliza. Kiseme hata kama sauti inatetemeka, hata kama foleni ni ndefu na watu watacheka. Shemeji yangu aliogopa kuchekwa, na mimi niliogopa kutazamwa. Hofu hizo mbili ndizo zilizomzika.